Kuingia si kufaa: mpira wa breki na kalipa mpya

Kalipa ya pistoni nne ya Subaru WRX, yaani kile kifaa kinachobana diski kwa pedi unapokanyaga breki, si kitu cha kutafuta kwa tochi siku hizi. Iko Kirinyaga Road jijini Nairobi, iko Gerezani na Kariakoo jijini Dar es Salaam, imetoka Japani pamoja na injini na vioo vya pembeni. Mwenye Forester au Impreza ya kawaida ananunua jozi, anatafuta na diski zake, anafunga boliti mbili kila upande, zinakaa. Kisha anashika mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta ya breki kwenye kalipa, na hapo ndipo kazi inaposimama. Kichwa cha mpira hakilali sawasawa kwenye kalipa, au boliti inaingia mizunguko miwili halafu inagoma, au mpira unafika lakini umejikunja vibaya.

Kinachofuata katika gereji nyingi kinajulikana. Boliti nyingine inachokolewa kwenye kopo la boliti kuukuu, washa (kile kipete bapa) inaongezwa, mpira unazungushwa kidogo, upepo unatolewa kwenye mafuta ya breki na gari linarudi barabarani. Na breki zinashika! Ungio bovu hushika vizuri tu kwa miguu ya kawaida ya mjini. Ukikanyaga taratibu, shinikizo ndani ya mpira ni kama baa 20 hadi 40. Siku mtoto akikatiza mbele yako ukakanyaga kwa nguvu zote, linavuka baa 100. Tairi lako, kwa kulinganisha, lina baa 2 na ushee.

Kosa lenyewe lilifanyika mapema zaidi, dukani, pale mnunuzi aliposema “nipe mpira wa Forester.” Gari lililobadilishwa kalipa si Forester tena kwenye tairi hilo. Ncha moja ya mpira inakutana na bodi ya Forester, ncha nyingine inakutana na kalipa ya gari jingine. Kwa hiyo mpira hununuliwa kwa vipimo vya ncha zake mbili na urefu wa katikati, na jina la gari linabaki kuwa msaada wa kuanzia tu.

Uzi hubana, hauzuii mafuta

Kutoka masta silinda, pampu inayosukumwa na pedali, mafuta hupita kwenye paipu ya chuma, ambayo kwa magari mengi madogo ina kipenyo cha nje cha milimita 4.75. Paipu inaishia kwenye kibao cha bati karibu na tairi. Hapo inaanza sehemu ya mpira, kwa sababu kuanzia hapo kila kitu kinacheza: springi inapanda na kushuka, usukani unageuka. Upande wa kibao ungio huwa ni nati ya paipu. Upande wa kalipa, kwa magari mengi, ungio huwa ni banjo, yaani kile kichwa cha mviringo chenye tundu, kinachopitiwa na boliti iliyotobolewa katikati.

Katika maungio yote mawili uzi wa nati au boliti hauzuii mafuta kuvuja. Kazi yake ni kuvuta tu. Kinachozuia mafuta ni nyuso mbili zinazogandamizwa: kwenye paipu ni mdomo wa paipu dhidi ya kiti chake, kwenye banjo ni washa laini dhidi ya uso uliosawazishwa. Hili likieleweka, nusu ya makosa ya kazi hii yanajieleza yenyewe. Nati inaweza kuwa na uzi sahihi, ikaingia mpaka mwisho, ikakazwa kwa nguvu sahihi, na bado ungio likavuja kwa sababu nyuso hazikuumbwa kukutana.

Tuanze na uzi, kwa kuwa ndio unaopimika kirahisi. Nati za paipu za magari ya Japani, na za magari mengi ya Ulaya, ni M10x1.0: kipenyo milimita 10, na umbali wa milimita 1 kutoka jino hadi jino. Boliti za banjo ndizo zinazochanganya watu. Kalipa nyingi za kiwandani za Kijapani, za Toyota na Subaru zikiwemo, hutumia M10x1.25. Kalipa nyingi za mashindano kutoka Ulaya, kama za Brembo na AP Racing zinazouzwa peke yake nje ya gari, hutumia M10x1.0. Boliti hizo mbili ukiziweka mezani zinafanana kama pacha. Zilaze kwenye rula: ndani ya milimita 10 ya uzi utahesabu meno 10 kwa ile ya 1.0, na meno 8 kwa ile ya 1.25. Kipimo cha uzi, kile chenye majani mengi kama kisu cha kukunja, ni cha bei rahisi kuliko kalipa moja.

Boliti ya 1.25 ikiingizwa kwenye tundu la 1.0 inazunguka kama mara moja na nusu kisha inakaza. Hapo kidole kinajua, lakini spana haijui. Mwili wa kalipa ya pistoni nne kwa kawaida ni aluminiamu, na boliti ni chuma. Spana ikiendelea, boliti inachonga njia yake na kalipa imekwisha, au itahitaji kuwekewa uzi wa kupachika, kazi ambayo kwenye breki ni afadhali uikimbie. Kanuni ya mezani ni moja: boliti sahihi huingia kwa vidole viwili mpaka mwisho, bila spana na bila kubembelezwa.

Hatari kubwa zaidi ni ile isiyogoma. Mipira ya Kimarekani, hasa ile ya nyuzi za chuma inayoagizwa mtandaoni, mara nyingi ina nati ya inchi 3/8 yenye meno 24 kwa inchi. Kipenyo chake ni milimita 9.5 na kitu. Ikiingia kwenye tundu la M10x1.0 inapita kwa raha, kwa sababu ni nyembamba na meno yanakaribiana. Inacheza kidogo, kisha inaonekana imekaza. Imeshika kwa ncha za meno tu, na itang'oka siku ya shinikizo kubwa. Nati ikiingia kwa ulegevu huku ukiweza kuitikisa kushoto na kulia, usiikaze. Itoe.

Kuna na kalipa za Wilwood za Marekani, ambazo nyingi zina tundu la uzi wa Kimarekani wa bomba, 1/8 NPT, meno 27 kwa inchi. Huo ni uzi wa koni, unaojibana wenyewe kadiri unavyoingia, na hapa, tofauti na kwingine kote, uzi ndio unaozuia mafuta. Unahitaji gundi maalumu ya majimaji inayostahimili mafuta ya breki. Utepe mweupe wa mafundi bomba haufai: vipande vyake hukatika na kuingia kwenye mfumo, na kipande kimoja kidogo kinatosha kuziba vali ya ABS, ule mfumo unaozuia tairi kujifunga. Usijaribu kufunga banjo kwenye tundu la NPT. Inahitajika adapta ya kona au ya kunyooka, inayotoka NPT kwenda kwenye aina ya mpira ulio nao, na iwe adapta moja tu. Ukijikuta umepanga adapta mbili mfululizo, ujue mpira ulionunua si wenyewe.

Mdomo wa paipu

Ukifungua nati ya paipu ya Toyota na kuangalia ncha, utaona mdomo uliotanuliwa kama tarumbeta ndogo, na ukingo wake umekunjwa kuingia ndani, hivyo bati ni tabaka mbili. Koni yake ina pembe ya nyuzi 45. Ukifungua ya Volkswagen au Mercedes, utaona mdomo uliovimba kama kitunguu kidogo, mviringo nje na bapa kwa nyuma. Nati zote mbili ni M10x1.0 na zitapokelewa na tundu lolote la kipimo hicho. Lakini kitunguu kinataka kiti chenye shimo la koni, na tarumbeta inataka kiti chenye kidole kilichochomoza katikati. Ukimulika tochi ndani ya tundu unaona mara moja ni kipi. Ukivichanganya, mafuta yatajikamua taratibu, na fundi ataongeza nguvu kwenye spana mpaka mdomo upasuke.

Mipira ya mashindano yenye maungio ya AN, kiwango cha Kimarekani, hutumia koni ya nyuzi 37. Tofauti ya nyuzi 8 haionekani kwa macho. Inaonekana baada ya wiki, kama ukungu wa mafuta kuzunguka nati.

Paipu ikilazimika kutengenezwa upya, tumia ya chuma iliyopakwa kinga au ile ya mchanganyiko wa shaba na nikeli. Shaba nyekundu ya mafundi friji inapindika kwa mkono na mdomo wake unatoka mzuri, ndiyo maana inapendwa. Lakini haikutengenezwa kwa shinikizo la breki, na kwenye mtikisiko wa barabara hukakamaa na kupasuka nyuma ya nati, mahali ambapo huoni.

Kwa kufungua nati kuukuu, usitumie spana ya kawaida ya mdomo wazi. Nati hizi ni laini, pembe zake zinaliwa kwa jaribio la kwanza. Kuna spana ya nati za paipu, ringi iliyokatwa upande mmoja ili ipite kwenye paipu: ya namba 10 kwa Wajapani wengi, namba 11 kwa Wazungu wengi. Puliza mafuta ya kulegeza kutu siku moja kabla. Ukianza kufungua, angalia paipu yenyewe. Kama inazunguka pamoja na nati, kutu imeziunganisha, na ukiendelea utaikata.

Banjo kwa karibu

Boliti ya banjo hupitia washa moja, kichwa cha mpira, washa ya pili, kisha kalipa. Washa ni mbili, za shaba au aluminiamu, na ni mpya kila mara boliti inapofunguliwa. Zinafanya kazi kwa kubonyea na kujaza mikwaruzo ya nyuso. Zikishabonyea mara moja zimekuwa ngumu.

Kuna kosa moja la washa linalomshinda hata fundi mzoefu. Washa ya zamani hung'ang'ania uso wa kalipa, imefunikwa na vumbi jeusi la pedi, inaonekana kama sehemu ya kalipa. Mpya inawekwa juu yake. Sasa upande mmoja una washa mbili, na uvujaji hauishi hata ukaze vipi. Kwangua uso wa kalipa kwa ukucha kabla ya kufunga. Ukucha ukikwama kwenye ukingo wa duara, ndiyo hiyo.

La pili ni urefu wa boliti, na hili hujitokeza hasa ukichanganya boliti ya gari moja na kalipa ya jingine. Chukua mfano. Kichwa cha banjo kina unene wa milimita 10, washa mbili za milimita 1.5 kila moja, jumla 13. Boliti ina milimita 24 chini ya kichwa chake. Kwa hiyo milimita 11 zitaingia kwenye kalipa. Tia kijiti kwenye tundu upime kina chake: kikiwa milimita 14, uko salama. Kikiwa milimita 10, boliti itagonga sakafu ya tundu kabla ya kubana washa. Spana ya kipimo italia “tik” kwa nguvu sahihi kabisa huku washa zikiwa huru. Na kama boliti ni fupi, ikaingia milimita 5 au 6 tu, uzi wa aluminiamu hautabeba mzigo. Njia ya kukagua bila hesabu ni kuikaza boliti kwa vidole pamoja na washa na mpira, kisha kujaribu kuzungusha kichwa cha banjo. Kama bado kinazunguka kwa ulegevu na boliti imegoma, ni ndefu mno.

La tatu ni umbo. Kalipa nyingi za kiwandani zina kijishimo au ukuta mdogo unaopokea kidole cha banjo, ili mpira usizunguke. Mpira wa kalipa nyingine unaweza kuwa na kidole mahali ambapo kalipa yako haina shimo. Kichwa hakitalala bapa, kitasimama upande mmoja kama sufuria kwenye mafiga mabaya. Baadhi ya watu hukata kidole hicho kwa msasa wa umeme. Kidole peke yake si tatizo kikiondolewa vizuri, lakini ukigusa uso wa washa hata kwa mkwaruzo mmoja, tupa mpira huo. Angalia pia shingo ya banjo: kuna zilizonyooka, kuna zilizopinda nyuzi 20 hivi, kuna za nyuzi 90. Kalipa ya pistoni nne ni nene kwa upande wa ndani, na shingo iliyonyooka inaweza kuusukuma mpira mpaka kwenye mkono wa usukani.

Nguvu ya kukaza hutoka kwenye kitabu cha kalipa, kwa kuwa uzi unaobeba ni wa kalipa. Subaru hutoa 18 Nm (kipimo kinachosomwa kwenye spana ya kipimo) kwa boliti ya banjo, Toyota nyingi ziko karibu na 30. Nati za paipu ni kama 15 Nm, na nipeli ya kutolea upepo ni kama 8. Hizi ni nguvu ndogo. Mtu aliyezoea kukaza nati za tairi hukata nipeli bila kujua.

Urefu, na mpira wa aina gani

Mpira hupimwa gari likiwa kwenye jeki na tairi likining'inia kabisa, usukani umegeuzwa mpaka mwisho kulia, kisha kushoto. Katika hali zote mbili mpira usivutike. Kisha inua mkono wa chini kwa jeki mpaka springi ibonyee, urudie kugeuza. Sasa tafuta mahali mpira unapokaribia tairi, rimu au springi. Nafasi iliyo chini ya milimita 20 inatosha kuufanya utoboke baada ya muda. Funga rimu yenyewe wakati wa kukagua, maana bila rimu kila mpira una nafasi. Mipira mingi ina mstari mweupe au maandishi yanayokwenda kwa urefu: mstari ukizunguka kama nakshi ya fimbo, mpira umesokotwa wakati wa kukaza banjo. Ushike kwa mkono unapokaza.

Wenye Prado na Land Cruiser zilizoinuliwa inchi 2 wana tatizo hilo hilo hata bila kubadilisha kalipa: gari likiruka shimo tairi linashuka kuliko mpira ulivyokadiriwa.

Mpira wa nyuzi za chuma, wenye bomba la plastiki ngumu ndani, hautanuki sana, kwa hiyo pedali inakuwa ngumu kidogo na ya kutabirika. Hauongezi nguvu za breki hata chembe, na anayeuuza kwa hoja hiyo anakuuzia mng'aro. Nyuzi zake ni msumeno: zikigusa paipu au mkono wa usukani, zitaukata kabla ya zenyewe kukatika, hivyo chagua ulio na ngozi ya plastiki juu.

Kuna jambo moja la kukataa bila mjadala. Maduka yanayotengeneza mipira ya trekta na mitambo yatakubali kukutengenezea mpira wa breki kwa dakika kumi, kwa bei nzuri, na ncha zitakuwa sahihi kabisa. Mpira wao umetengenezwa kwa ajili ya oili ya mitambo, itokanayo na mafuta ghafi. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 ni jamii nyingine ya kemikali, huulainisha na kuuvimbisha mpira huo kutoka ndani. Na kinyume chake ni kweli: oili ya injini au grisi ya kawaida ikigusa raba za breki, raba zinavimba mpaka pistoni zinakwama. Mpira halali wa breki una maandishi ya kiwango mwilini, kwa mfano DOT na jina la mtengenezaji. Usio na maandishi uache dukani.

Hesabu ya pistoni

Hapa watu wengi huhesabu pistoni, wakati cha kuhesabu ni eneo. Kalipa inayoteleza yenye pistoni upande mmoja, na kalipa iliyokazwa yenye pistoni pande mbili, hulinganishwa kwa eneo la pistoni za upande mmoja tu.

Kalipa ya pistoni mbili ya WRX ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ina pistoni za milimita 42.8. Eneo la mbili ni kama milimita za mraba 2,877. Kalipa ya pistoni nne ya Subaru ina pistoni nne za milimita 42.8, mbili kila upande: 2,877 vilevile. Ile ya Brembo ya STI, toleo la kasi la WRX, ina pistoni za milimita 40 na 46 kila upande, jumla kama 2,918. Tofauti kati ya zote tatu haifiki asilimia 2. Ndiyo sababu ubadilishaji huu ndani ya ukoo wa Subaru hauhitaji masta silinda nyingine, na pia ndiyo sababu anayetoka pistoni mbili kwenda nne kwenye diski ile ile ya milimita 294 hapati nguvu mpya. Anapata kalipa isiyojipinda, isiyo na pini za kukwama, yenye kushika kwa usawa. Si haba, ila si muujiza.

Mambo yanabadilika ukitoka kwenye kalipa ya pistoni moja. Pistoni moja ya milimita 54 ina eneo la 2,290. Ukienda kwenye 2,877, kalipa inahitaji mafuta kwa kama asilimia 26 zaidi ili pistoni zisogee umbali ule ule. Mafuta hayo yanatoka mguuni mwako: pedali inakwenda chini zaidi na inakuwa laini. Fundi anaamini kuna upepo, anatoa upepo mara tatu, chupa mbili za mafuta zinakwisha, pedali iko vilevile. Hakuna upepo. Masta silinda ni ndogo. Ya inchi 15/16 ina eneo la milimita za mraba 445, ya inchi 1 ina 507, ya inchi 1 na 1/16 ina 572. Kutoka ya kwanza kwenda ya tatu ni ongezeko la asilimia 28, karibu sawa na ongezeko la kalipa, na pedali inarudi ilipokuwa. Ukizidisha masta juu ya hapo pedali inakuwa fupi na ngumu kama kukanyaga jiwe, kwa kuwa mguu ule ule sasa unazaa shinikizo dogo.

Eneo kubwa mbele tu lina gharama nyingine. Tairi za mbele zinafikia mwisho wa mshiko mapema, ABS inaingia, na za nyuma hazijaanza kufanya kazi ya maana. Gari linaweza kusimama mbali kuliko lilivyokuwa. Seti zilizobuniwa vizuri hukuza diski na kupunguza eneo la pistoni kwa makusudi. Diski ya milimita 277 ikibadilishwa kuwa 294, mshiko unasogea nje na nguvu ya kuzuia inaongezeka kwa kama asilimia 7 bila kugusa pistoni. Faida halisi ya diski kubwa iko kwenye joto: anayeshuka mteremko wa Kitonga na gari limejaa anahitaji chuma cha kubeba moto, pamoja na gia ndogo, kuliko anavyohitaji pistoni.

Kabla ya kununua, pima rimu. Pistoni nne za Subaru zinataka rimu ya inchi 16 angalau, Brembo ya STI inataka 17 pamoja na diski ya milimita 326, na STI kuanzia toleo la 2005 zina nati za tairi kwenye duara la 114.3, si 100, kwa hiyo diski zake hazivai kwenye habu, kitovu cha kufungia tairi, ya Forester ya zamani. Za nyuma ni habari nyingine kabisa, kwa sababu ya breki ya mkono iliyo ndani ya diski.

Kalipa ya mtumba na siku ya kufunga

Kalipa iliyotumika ifunguliwe kwanza mezani. Jaribu nipeli zote za upepo hapo hapo dukani ukiweza, maana nipeli iliyokatika ndani ni kalipa iliyokufa. Toa pistoni kwa upepo wa kompresa ulio mdogo, ukiwa umeweka kipande cha ubao katikati na vidole mbali. Pistoni hutoka kama risasi. Kutu au vishimo kwenye sehemu ya pistoni inayopita kwenye raba maana yake ni pistoni mpya. Raba zibadilishwe zote, zipakwe mafuta ya breki yenyewe au grisi nyekundu ya raba.

Angalia kulia na kushoto. Nipeli ya upepo lazima iwe juu. Zikibadilishana pande kalipa zinafungika bila tatizo, ila upepo unabaki umenaswa juu ya nipeli na hautatoka milele. Kwa zenye pistoni za ukubwa tofauti, ndogo inakaa upande diski inakoingilia.

Usiiachie kalipa ining'inie kwa mpira. Ifunge kwa waya kwenye springi. Unganisha upande wa bodi kwanza, uache nati ikiwa imeshika kwa vidole, kisha banjo kwa vidole, panga mpira ulale bila msokoto, rudisha klipsi ya kibao, ndipo ukaze vyote. Ukianza na kukaza banjo, msokoto unabaki mwilini mwa mpira.

Mafuta yawe ya chupa mpya. DOT 4 huchemka kwa nyuzi 230 au zaidi ikiwa kavu, lakini ikishanyonya unyevu kiwango cha chini kinashuka hadi 155, na hewa ya pwani haichelewi kuishusha huko. Lita moja inatosha kwa gari zima, lakini nunua mbili. Usichanganye na DOT 5, ambayo ni silikoni. DOT 5.1 inachanganyika. Fuata mpangilio wa tairi ulio kwenye kitabu cha gari. Kalipa yenye nipeli mbili itolewe upepo kwenye zote, ya nje kwanza. Chombo cha juu kisikauke hata mara moja, hasa kwenye gari lenye ABS. Mafuta yakidondoka kwenye rangi, mwaga maji mengi papo hapo.

Kisha washa injini ili busta, kile kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga, ifanye kazi, kanyaga kwa nguvu zako zote na ushikilie kwa sekunde 30. Pedali isizame. Mwenzako apanguse kila ungio kwa karatasi nyeupe kavu wakati bado umekanyaga. Endesha polepole uwanjani kwanza. Baadaye, barabarani palipo wazi, punguza mwendo mara nane au kumi kutoka kilomita 60 hadi 15 kwa saa bila kusimama kabisa, ili pedi na diski vizoeane, kisha acha zipoe gari likitembea. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuliwasha, lala tena chini na karatasi nyingine nyeupe. Tone linalotoka usiku kucha halionekani kwenye sekunde 30, lakini karatasi italipata.